Lokdauni ni nini, na ilifanya nini kwenye afya zetu

Lokdauni ni amri ya serikali inayowazuia watu kutoka majumbani au katika maeneo yao, wanaoumwa na wasioumwa sawia, ili ugonjwa ukose wa kumrukia. Hapo penye "wasioumwa" ndipo inapotofautiana na majina mengine tuliyoyachanganya sana mwaka 2020, wakati wa janga la korona. Karantini humhusu aliyekaribiana na mgonjwa, naye huhesabiwa siku. Kutengwa ni kwa aliyepimwa akakutwa nao. Kafyu ni amri ya saa, mara nyingi za usiku. Lokdauni huwashika wote, na mara nyingi siku inapotangazwa hakuna ajuaye kwa hakika itaisha lini.

Wazo lenyewe si geni. Hadithi ya Mtume inayokataza kuingia nchi yenye tauni, au kuikimbia ukiwa ndani yake, husomwa madrasani tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni ukubwa. Mji wa Wuhan, China, ulifungwa Januari 23, 2020 ukakaa hivyo siku 76, na Machi India ikawafungia watu zaidi ya bilioni 1.3 kwa taarifa ya saa chache tu. Kwetu kila nchi ilishika njia yake. Rwanda na Uganda zilifunga kwa nguvu mwezi Machi. Kenya ilianza na kafyu Machi 27, kisha Aprili ikazuia watu kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale. Tanzania ilifunga shule na vyuo hadi Juni, lakini watu hawakuamriwa kukaa ndani.

Amri hizo zilikuwa na sababu. Ugonjwa unaopita kwa pumzi hupungua kasi watu wasipokutana, na hospitali zenye vitanda vichache hupata nafasi ya kujipanga. Lakini afya ya mtu hutegemea njia: ya kwenda kliniki, sokoni, kibaruani, msikitini au kanisani, kwa jirani. Lokdauni hukata njia, na kila njia iliyokatwa huzaa maradhi yake.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa wajawazito, maana uchungu hauna saa. Uganda ilipopiga marufuku magari ya abiria na ya binafsi, na bodaboda zikakatazwa kubeba watu, mama aliyetaka kupelekwa hospitali kwa gari ilibidi kwanza apate kibali cha mwakilishi wa rais wilayani. Wapo waliotembea kwa miguu usiku, na vifo vikaripotiwa, hata Aprili sharti hilo likaondolewa kwa wajawazito. Nairobi, Dkt. Jemimah Kariuki, daktari wa uzazi, aliona wanaofika wodini wanapungua huku wanaofika wakiwa na hali mbaya zaidi. Saa za kafyu matatu hazikuwepo, na kukutana na polisi kulitisha. Siku chache tu baada ya kafyu kuanza, mtoto wa miaka 13 alikuwa amepigwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko. Daktari yule akajitolea mtandaoni kuwabeba wajawazito mwenyewe, na kutokana na ujumbe huo ukazaliwa Wheels for Life, mpango wa kuwasafirisha bure saa za kafyu.

Maradhi ya kimyakimya hayakupiga kelele kama uchungu wa uzazi. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 7.1 waliogunduliwa kuwa na kifua kikuu mwaka 2019. Mwaka 2020 wakawa milioni 5.8. Ugonjwa haukupungua, waliopungua ni waliofika kupimwa, na vifo vyake vikapanda kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Chanjo za watoto nazo ziliyumba.

Halafu kuna moyo. Shirika hilohilo lilikadiria kuwa wahaka na sonona viliongezeka kwa asilimia 25 duniani katika mwaka wa kwanza wa janga, vijana na wanawake wakiumia zaidi. Si haki kuibebesha lokdauni mzigo huo wote, kwa kuwa hofu ya kufa na kufiwa pia ilikuwepo. Ila fikiria Mji wa Kale, Mombasa, na Eastleigh, Nairobi, zilizofungwa Mei 2020 katikati ya Ramadhani: hakuna tarawehe ya jamaa, hakuna baraza jioni, Idd ikaswaliwa majumbani. Mazishi yaliruhusiwa watu 15. Kwetu mfiwa haachwi peke yake, hulaliwa matanga, huletewa chakula, hushikwa mkono na mamia. Waliozika namna ile walibaki na kilio ambacho hakikupata wa kukipokea.

Na "kaa nyumbani" haikuwa amri moja kwa kila mtu. Aliye na ua na mshahara wa mwezi alipumzika. Anayeishi chumba kimoja Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, choo na bomba akishirikiana na ploti nzima, hakuepukana na mtu. Alichokosa ni kibarua cha siku, na usipopatikana unga siku hiyo watoto hulala njaa. Kwa mke anayepigwa, mlango uliofungwa ulimfungia pamoja na mpigaji.

Shule ndizo zilizolipa kwa muda mrefu zaidi. Za Uganda zilifungwa Machi 2020, na baadhi ya madarasa hayakurudi hadi Januari 10, 2022, muda mrefu kuliko popote duniani. Siaya, magharibi mwa Kenya, watafiti waliwalinganisha wasichana wa sekondari waliokaa nje ya shule miezi sita na waliomaliza kabla ya janga: waliokaa nyumbani walikuwa na hatari maradufu ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na mara tatu ya kuacha masomo. Uganda ilipofungua iliruhusu wajawazito na wanaonyonyesha warudi, nao wakaketi kwenye madawati waliyoyaacha wakiwa watoto.