Wafuasi wa Kununua: Dhana Potofu Zinazowaponza Wauza Dagaa wa Kigoma

Mnunuzi anayejua kazi yake akifika Kibirizi, mwalo wa samaki hapa Kigoma, hanunui dagaa kwa macho. Anakunja mkono wa shati, anauzamisha ndani ya gunia hadi kiwikoni, anachomoa konzi moja kutoka katikati. Anawasugua viganjani asikie kama wamekauka, anawanusa, kisha anafungua vidole taratibu aone mchanga uliobaki. Akimaliza hapo ndipo anauliza bei.

Mteja aliyeko Mbagala au Dodoma, anayeagiza kupitia Instagram, hana mkono wa kuzamisha. Anachokiona ni picha, jina la ukurasa, na ile namba iliyoandikwa juu: wafuasi 18,000. Namba hiyo ndiyo mkono wake. Anaamini kuna watu 18,000 waliomtangulia, na kwamba mwenye ukurasa angekuwa tapeli mmoja wao angeshasema. Halafu anatuma pesa.

Kwa miaka kadhaa nimewasaidia wafanyabiashara wa Mwanga, Ujiji na Kibirizi, zote za hapahapa Kigoma, kuendesha kurasa zao: dagaa, migebuka, mawese, sabuni, vitenge. Karibu kila mmoja amewahi kuniuliza kuhusu kununua wafuasi, yaani kumlipa mtu ili akaunti zisizokujua zikufuate na namba ipande, na wengine walikuja kuuliza wakiwa wameshanunua. Maneno wanayojitetea nayo yanafanana, na mengi si ya kweli. Nayaandika hapa kwa sababu dagaa wa Kigoma wana jina nchi nzima, jina walilolijenga watu waliouza mzigo safi kwa miaka mingi kabla ya simu hizi, na inaniuma kuona linatumika kufunika uongo.

"Ni tangazo kama matangazo mengine"

Dhana hii ndiyo inayowapoteza hata watu wema. Ukiilipa Instagram au Facebook ili posti yako isambazwe, kubusti kama tunavyosema, unanunua nafasi ya kuonekana. Posti inawekewa alama kwamba imelipiwa, anayeiona anajua, na akitaka anaipita. Ni sawa na kukodi gari la matangazo lipite Mwanga na spika zake. Kila mtu anajua nani amelipa.

Anayenunua wafuasi ananunua ushahidi. Kila mfuasi ni kama mtu anayesimama na kusema, "Huyu namjua." Ukimlipa asiyekujua aseme anakujua, umekodi shahidi wa uongo, na sijui baraza la wazee lolote, la Waha au la watu wengine, ambalo lingemwita huyo mtangazaji. Komenti za kununua ni mbaya zaidi. Nimeziona kwa macho yangu: "Mzigo umefika salama, asante sana, dagaa safi." Aliyeandika hajawahi kuagiza, hajawahi kula, na pengine hajui dagaa ni kitu gani. Anayesoma komenti hiyo ana familia ya kulisha na pesa ya kuhesabu.

"Hakuna anayeumia"

Wanaoumia wapo watatu, na nianze na mnunuzi wa dagaa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Ziwa likifungwa hivyo mzigo mpya haushuki, na mteja wa mbali hana namna ya kujua nani amebaki na magunia stoo na nani hana hata kisado. Anaangalia namba. Mwenye wafuasi wengi ndiye anayetumiwa pesa, na kama wafuasi hao ni wa kununua, mteja amepimiwa kwa mizani iliyochezewa. Wengine hunibishia hapa: kama mzigo ni mzuri, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba mtu anayetuma pesa yote mbele, kwa simu, kwa mtu asiyewahi kumwona, alistahili kuujua ukweli kabla ya kubonyeza. Uzuri wa dagaa walioletwa baadaye haurudishi nyuma uongo ulioanza.

Wa pili ni jirani. Kuna mama ninayemfahamu, anaanika dagaa wake kwenye chanja tangu binti zake wakiwa wadogo, mchangani hataki hata kusikia. Ukurasa wake una wafuasi 600 na kitu, wote wa kweli, wengi wao ni watu waliowahi kupika dagaa wake. Kijana aliyeanza juzi ana 18,000. Mteja mpya akiwaweka wawili hao kwenye simu, anamchagua kijana bila kufikiri mara mbili. Yule mama hajui alichokosa, kwa hiyo hana hata pa kulalamikia. Gunia lake lipo, pesa yake ipo, kilichoibwa ni zamu yake.

Wa tatu hatumwoni kabisa, na ndiye aliyenishtua nilipoanza kufuatilia jambo hili. Wafuasi wa kuuzwa wanatoka wapi? Wengine ni akaunti zinazoendeshwa na programu. Wengine ni simu halisi zilizopangwa kwa mamia: mwaka 2017 polisi wa Thailand walivamia nyumba karibu na mpaka wa Kambodia, wakakuta mamia ya simu na laini zaidi ya 300,000 kwa ajili ya kazi hiyo hiyo ya kubonyeza. Na wengine ni watu walioibiwa sura. Januari 2018 gazeti la The New York Times lilichapisha uchunguzi wake kuhusu Devumi, kampuni ya Marekani iliyokuwa imewauzia wateja wake wafuasi wa Twitter wapatao milioni 200. Angalau akaunti 55,000 kati ya zile zilizotumika zilikuwa zimenakili majina, picha na maelezo mengine ya watu halisi, wakiwemo watoto chini ya miaka 18. Binti anasoma shule, hana habari, huku sura yake inazungushwa duniani ikishangilia biashara za watu asiowajua.

Ukilipia wafuasi 1,000 kwa bei ya sahani ya chipsi, huletewi orodha ya walikotoka. Huenda ndani yake mna sura ya mtoto wa mtu.

"Namba kubwa itavuta wateja wa kweli"

Dada mmoja wa Kibirizi alinijia jioni moja, uso umemshuka. "Mdogo wangu, simu imekufa. Nina watu 11,000 na hakuna anayeuliza bei."

Tukakaa nje kwenye benchi, tukafungua orodha ya wafuasi wake, tukaanza kuisoma jina moja moja. Wa kwanza alikuwa herufi zilizorukaruka na tarakimu nyingi mwishoni, hana picha. Wa pili ana picha ya gari, hajawahi kuposti kitu, anafuata kurasa zaidi ya 7,000, karibu afike kikomo cha 7,500 ambacho Instagram inaruhusu. Wa tatu anaandika kwa lugha ambayo sote wawili hatukuitambua. Tukashuka, tukashuka, hadi kidole chake kikachoka nikampokea simu. Mtu wa kwanza aliyemjua alikuwa shangazi yake wa Uvinza.

"Hawa hawali dagaa," akasema.

"Hawali kitu, dada."

Mambo yanakwenda hivi. Ukiposti, mtandao haugawi posti yako kwa wafuasi wote kwa usawa. Unaangalia dalili: nani huwa anasimama kwenye video zako, nani anaitazama hadi mwisho, nani anaihifadhi, nani anamtumia mwenzake. Dalili zikiwa nyingi posti inasonga mbele, zikiwa chache inalala. Akaunti bandia haitazami wala haimtumii mtu. Wateja wa kweli wa yule dada, mia nne hivi, walikuwa wamezama ndani ya umati wa vivuli, na kila alipoposti, vivuli ndivyo vilivyomjibu kwa ukimya.

Tena alikuwa amejitia upofu. Mfanyabiashara mwenye wafuasi wa kweli anaweza kufungua takwimu za ukurasa akaona watu wake wako miji gani, wanaingia saa ngapi, posti ipi imewagusa. Za kwake zilionyesha nchi ambazo hata basi la kupeleka mzigo huko halipo. Angelipia tangazo la halali na kuiambia Facebook imtafutie watu wanaofanana na wateja wake, ingemtafutia wanaofanana na nani?

Kuna jambo moja alilisema kwa sauti ya chini: aliyemuuzia alimwomba paswedi, na akampa. Tuliibadilisha palepale kwenye benchi. Muuza wafuasi anayeomba paswedi anataka akaunti yenyewe, aitumie kuwafuata wengine au aiuze. Hapo wewe mwenyewe unageuka kuwa mfuasi bandia wa mtu.

"Ni ya kuanzia tu, nikishapata wateja nitaacha"

Namba ya kununua hupungua yenyewe, kwa sababu akaunti bandia hufutwa kila mara. Anayeanza na 10,000 akiona zimebaki 8,000 anaona aibu, ananunua tena. Sijakutana na aliyeacha kwa sababu alitosheka. Walioacha ni walioumia.

"Mitandao yenyewe haigundui"

Hapa niseme kweli yote, hata pale isiponisaidia kujenga hoja. Mara nyingi haigundui, au inachelewa. Mwaka 2019 watafiti wa kituo cha mawasiliano cha NATO kilichoko Riga, Latvia, walinunua kwa makusudi ili wapime. Kwa euro 300 walipata komenti 3,530, laiki 25,750, watazamaji 20,000 na wafuasi 5,100. Baada ya wiki 4, karibu vitu 4 kati ya kila 5 walivyonunua vilikuwa bado vipo. Kwa hiyo anayewatisha watu kwamba ukinunua leo kesho unafutiwa ukurasa, naye anasema asilolijua.

Lakini fagio hupita. Desemba 2014 Instagram ilifuta akaunti bandia kwa mkupuo, na mwimbaji Justin Bieber peke yake akapoteza wafuasi zaidi ya milioni 3. Novemba 2018 ikatangaza kwamba itaanza kuondoa laiki, wafuasi na komenti zilizoletwa na programu za kuongeza umaarufu. Facebook nayo, katika miezi 3 ya kwanza ya 2019, ilifuta akaunti bandia zaidi ya bilioni 2. Anayetegemea kutoonekana anacheza kamari na duka lake. Na hata kama fagio lisingepita kabisa, mteja wa Mbagala angekuwa amedanganywa vilevile.

"Sheria haikatazi"

Sheria ya Ushindani ya Tanzania ni ya mwaka 2003, miaka 7 kabla Instagram haijaanza, kwa hiyo usitegemee kukuta neno "wafuasi" ndani yake. Inachokataza ni mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Mtu akijipima mwenyewe dhidi ya maneno hayo, hahitaji wakili kumfafanulia.

Wenzetu wa Marekani wamekwenda hadi kulitaja jambo lenyewe. Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Shirikisho ilifikia makubaliano ya dola milioni 2.5 katika kesi ya Devumi na mmiliki wake. Kisha Agosti 2024 ikatoa kanuni, iliyoanza kutumika Oktoba mwaka huohuo, inayokataza kuuza na pia kununua wafuasi au watazamaji bandia kwa ajili ya kujikuza kibiashara, pale mtu anapojua au alipaswa kujua kwamba ni bandia. Neno "kununua" limo. Mnunuzi hakuachwa nje.

"Kufuatana kwenye magrupu si kununua"

Yale magrupu ya WhatsApp ya "nifuate nikufuate" hayana pesa ndani yake, na waliomo ni watu wa kweli. Bado muuza vitenge anayemfuata fundi baiskeli kwa sharti la kufuatwa hatoi ushahidi wowote kuhusu baiskeli. Naliona kosa dogo kuliko la kununua, ila ni la ukoo huohuo.

"Nikishanunua, basi tena"

Hii nayo si kweli, na ndiyo ninayotamani kila aliyenunua aisikie. Kwenye Instagram unaweza kumwondoa mfuasi: fungua orodha, bonyeza Ondoa pembeni ya jina lake. Hapelekewi taarifa. Fanya kidogo kidogo, kwa sababu ukiondoa wengi kwa kasi mtandao unaweza kukuzuia kwa muda ukidhani wewe ndiye roboti.

Yule dada alifanya kazi hiyo siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa za kuvulia haziwavuti dagaa, vyombo vinalala ufukweni, na wanawake wa Kibirizi wanapata usingizi kidogo. Yeye hakulala. Kila usiku aliondoa kiasi, asubuhi ananitumia namba: 9,300. Kisha 7,800. Ilipofika 5,000 akanipigia akitaka kuacha, anaona kama anabomoa nyumba yake kwa mikono yake. Nikamwomba afungue orodha anisomee majina 10 ya mwisho aliyoyaondoa. Hakuweza kuyatamka.

Alibaki na 431. Siku iliyofuata akaposti picha ya magunia mawili, na jioni mtu wa Morogoro akaandika chini yake: "Isije ikawa wana mchanga?"

Dada hakujibu kwa maneno. Alimpa binti yake simu arekodi, akakunja mkono wa gauni, akauzamisha ndani ya gunia hadi kiwikoni, akachomoa konzi kutoka katikati, akausogeza mkono karibu na kamera na kufungua vidole kimoja kimoja.

Mtu wa Morogoro akauliza nauli ya gunia moja ni shilingi ngapi.