Bei ya kipuri cha ndege ya kivita hupangwa siku ndege inaponunuliwa

Mei 2019 wabunge wa Marekani walikaa kujadili kisahani cha klachi. Kwa hesabu za wakaguzi wa Wizara ya Ulinzi, kisahani hicho kilipaswa kugharimu dola 32. Jeshi lilikuwa limelipa dola 1,443. Muuzaji alikuwa TransDigm, kampuni ya Cleveland, Ohio, inayopenda kununua viwanda vya vipuri vya ndege, hasa vile ambavyo kipuri chao hakitengenezwi kwingine.

Ukisikia bei kama hiyo, la kwanza kukujia kichwani ni rushwa. Sisi tunaofanya kazi ya ununuzi wa umma tunaanza na swali jingine: michoro ya kipuri hicho ni mali ya nani?

Serikali ikinunua ndege, haipati haki ya michoro na siri za utengenezaji hivi hivi. Vipimo, mchanganyiko wa madini, namna ya kuchoma na kupoza chuma, vyote hubaki kwa mtengenezaji mpaka vilipiwe. Na wakati wa kusaini mkataba, bajeti ikiwa imebana, malipo ya michoro ndiyo ya kwanza kukatwa. Nani anataka kulipia makaratasi wakati marubani wanasubiri ndege? Kisha ndege hiyo inaishi kuliko wote waliosaini. Ndege ya mwisho ya kudondosha mabomu aina ya B-52H ilitoka kiwandani mwaka 1962. Zimebaki 76, kila moja na injini 8 za aina ya TF33, na ni mwaka 2021 tu ndipo Jeshi la Anga lilipoichagua Rolls-Royce itengeneze injini mbadala. Katikati hapo vipuri vimeendelea kununuliwa kwa injini ambayo haiundwi tena.

Kila kipuri cha jeshi la Marekani kina namba ya tarakimu 13. Ikianza na 2840, ujue ni cha injini ya jeti ya ndege. Ofisa manunuzi aliyeko Richmond, Virginia, ambako wakala wa ugavi wa jeshi hununulia vipuri vya ndege, akiiingiza namba hiyo kwenye mfumo anaona pia orodha ya watengenezaji walioidhinishwa. Orodha ikiwa na jina moja, zabuni imekwisha kabla ya kutangazwa.

Kuongeza jina la pili si kazi ya siku moja. Chukua bapa la tabaini, yaani la gurudumu la injini linalozungushwa na gesi ya moto, lile linalokaa mara tu baada ya chumba cha mwako. Linaenea kiganjani, lakini gesi inayolipiga ina joto linalozidi kiwango cha kuyeyuka kwa aloi ya nikeli iliyotumika kulitengeneza. Halivunjiki kwa sababu limekuzwa kama fuwele moja isiyo na viungo, na limetobolewa vitundu vyembamba vya kupitisha hewa ya kulipoza. Likikatika angani, vipande vyake vinaweza kuichana injini nzima. Kwa hiyo kiwanda kipya kinachotaka kuliuza lazima kitoe sampuli, kipimwe, kikaguliwe, na gharama hiyo ni juu yake kabla hakijauza hata moja. Hapa mimi siwalaumu maofisa wanaosita. Ninaowalaumu ni wanaotumia utaratibu huo huo kwa pini na mipira ya kuzuia mafuta yasivuje.

Sheria ipo, tangu 1962: muuzaji asiye na mshindani aonyeshe gharama zake halisi na kuzithibitisha. Lakini inaanzia kwenye mkataba wa thamani fulani. Kiwango hicho kilikuwa dola 750,000, na Julai 2018 kikapandishwa hadi dola milioni 2. Vipuri huagizwa kidogo kidogo, kwa hiyo mikataba mingi inapita chini ya uzio. Wakaguzi walipochambua vipuri 47 vya TransDigm, wakichukulia faida ya asilimia 15 kuwa ya haki, walikuta 46 vimezidisha. Jumla ya ziada ilikuwa dola milioni 16.1. Kampuni ikazirudisha kwa hiari. Naam, kwa hiari, maana wakaguzi hawakuwa na kifungu kilichovunjwa cha kuibana nacho. Ripoti ya Desemba 2021 ilipotaja ziada nyingine ya dola milioni 20.8, kampuni ilizipinga hesabu hizo.

Dawa inajulikana. Miaka ya mwanzo ya 1980, ndege za kivita za F-15 na F-16 zote zilitegemea injini ya F100 ya Pratt & Whitney, na jeshi lilikuwa limechoshwa na hitilafu zake na bei za vipuri vyake. Februari 1984 likagawa oda ya injini za F-16, sehemu kubwa ikaenda kwa F110 ya General Electric. Tangu hapo mtengenezaji wa kwanza alikuwa na mshindani wa kumwangalia. Kuhudumia aina mbili za injini kunaongeza stoo, mafundi na vitabu. Hilo halina ubishi.

Kwa ndege ya kivita ya F-35 mpango ulikuwa huo huo, injini mbili: F135 ya Pratt & Whitney, na F136 ya General Electric na Rolls-Royce. Mwaka 2011 serikali ilikata fedha za F136 kwa hoja ya kubana matumizi, na Desemba ya mwaka huo kampuni hizo mbili zikaachana nayo. Leo kila F-35, ya Marekani na ya nchi nyingine zilizoinunua, inaruka kwa F135.