Utaifa wa nani?

Tarehe 9 Oktoba, sikukuu ya uhuru wa Uganda, ikikaribia, neno utaifa hugeuka kapu la kutilia kila kitu. Vijana wa Uganda wafundishwe utaifa. Rais Obote alileta utaifa kwenye makampuni. Wabaganda waliukwamisha utaifa kwa ukabila wao. Mara tatu limetumika, mara tatu limekosewa.

Utaifa ni itikadi inayodai kwamba watu wanaojihesabu kuwa taifa wanastahili kujitawala katika dola yao wenyewe. Basi. Kuipenda nchi uliyozaliwa ni uzalendo, na kuzaa kumo ndani ya neno lenyewe; mafunzo ya chakamchaka, yale ya siasa na kijeshi kwa raia wa Uganda, kwa mfano, yanahusu uzalendo. Serikali kujitwalia mali ni utaifishaji, kama Obote alipotangaza pale Nakivubo, tarehe 1 Mei 1970, kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya makampuni makubwa. (Vita vya uchumi vya Amin vya mwaka 1972 hata utaifishaji kamili havikuwa: Waasia walipewa siku 90 waondoke, na maduka yao mengi yakagawiwa watu binafsi, wanajeshi wakiwemo.)

Hayo mawili yanasameheka. La ukabila ndilo gumu, na ugumu wake unaanzia kwenye neno taifa. Tumelitoa katika Kiarabu, taaifa, maana yake kundi au fungu la watu, kwenye mzizi uleule wa tawafu, kule kuizunguka Kaaba. Lilikuwa jina la sehemu, si la jumla. Nchini Lebanon, neno lililozaliwa na taaifa ndilo wanaloitia siasa ya kugawana vyeo kwa madhehebu, karibu kinyume cha tunachokitaka sisi. Mwarabu akikusudia utaifa husema qawmiyya. Kiswahili kimelipandisha fungu likawa nchi nzima, kikaliachia kabila kazi ya fungu. Luganda, lugha ya Wabaganda, hakikufanya mgawanyo huo: eggwanga ni taifa, na eggwanga ni kabila, utajua kwa muktadha. Katiba ya 1995 iliorodhesha jamii za asili 56, zikawa 65 baada ya marekebisho ya 2005, na kwa Luganda kila moja ni ggwanga bila mtu kushtuka.

Sasa tazama tarehe 31 Desemba 1960. Lukiiko, baraza la Buganda, ufalme uliomo ndani ya Uganda, lilitangaza kwamba kuanzia kesho yake Buganda ni nchi huru. Waingereza, watawala wa wakati huo, walilipuuza tangazo hilo. Lakini hilo lilikuwa ukabila? Ukabila ni kumpa mtu wa kwenu kazi au kura kwa sababu ni wa kwenu, ndani ya dola ambayo hamuigombanii. Watu wa Mengo, makao ya serikali ya Buganda, walidai dola yenyewe: walikuwa na mfalme, baraza, mipaka, na mkataba wa 1900 waliotia saini na Waingereza. Gavana Cohen wa Uingereza alipompeleka Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, uhamishoni mwaka 1953, hadi aliporudi 1955, madai hayo yalizidi kukomaa. Unaweza kuyapinga, na wengi waliyapinga kwa sababu nzuri, lakini aina yake ni ileile ya madai ya wanachama wa UPC, chama cha Obote, waliotaka Uganda moja. Tofauti ni ukubwa wa hilo taifa.

Kwa hiyo Mei 1966, jeshi la serikali ya Obote liliposhambulia Lubiri, kasri la Kabaka, na 1967, katiba mpya ilipofuta falme na kuikata Buganda wilaya nne, hapakuwa na utaifa upande mmoja na ukabila upande wa pili. Zilikuwa taifa mbili zikigombea ardhi moja, na walioshinda ndio waliochagua jina la kuwaita wenzao.

Mwalimu anayeifundisha 1966 hahitaji kubadili tarehe wala kumtetea yeyote. Aseme tu utaifa wa Uganda na utaifa wa Buganda, ukabila auweke akiba kwa somo la ajira.