Kabla ya Daftari: Mtoto Anavyoanza Kusoma, Kuandika na Kuhesabu

Mzazi anapofungua daftari la mwanawe wa darasa la awali na kukuta kurasa bado nyeupe, huuliza kama watoto wanafundishwa kweli. Katika shule ya jamii, ambako mzazi huyohuyo huketi kwenye kamati na huchangia uendeshaji, ana haki ya kupewa jibu kamili. Jibu lenyewe ni kwamba mtoto wa miaka mitano au sita hujifunza kwanza kwa sikio, kwa mdomo na kwa mikono. Akipewa daftari kabla ya hapo atajaza kurasa, lakini atakuwa anachora maumbo asiyoyaelewa.

Kusoma huanza kwa kusikia. Wiki za kwanza mwalimu hutumia takribani dakika kumi kila siku kukata maneno kwa makofi, kofi moja kwa kila silabi. "Kalamu" ni makofi matatu. "Mbuzi" ni mawili, mbu-zi, ila "mtoto" ni matatu, m-to-to, kwa sababu m ya hapo husimama peke yake kama silabi. Watoto huisikia tofauti hiyo bila kuelezwa kanuni yoyote. Baadaye zoezi hugeuzwa: tukiondoa "ka" kwenye "kalamu", kinabaki nini? Kinachoharibu zoezi hili ni kulifanya darasa zima kwa pamoja kila siku. Watoto wachache huongoza na waliobaki hufuata nyuma yao kidogo, na mwalimu hudhani wote wanajua. Vikundi vya watoto sita au wanane, kila mmoja akipiga makofi peke yake kwa zamu, huonyesha ukweli mara moja.

Zikija herufi, irabu tano hutangulia, kisha konsonanti moja moja. Mwalimu hutamka sauti ya herufi, si jina lake: m hutamkwa "mmm" midomo ikiwa imefumbwa. Mtoto aliyefundishwa kwamba m ni "em" atajaribu kuunganisha "em" na "a", na hatafika kwenye "ma". Kiswahili kina fadhila kubwa hapa, maana irabu zake hazibadilishi sauti kutoka neno moja hadi jingine. Kwa m na l pekee, pamoja na irabu tano, mtoto ana silabi kumi na tayari anaweza kusoma mama, mimi, lima, mali, lea, hata sentensi nzima: "Mama alilala." "Ali alilima." Asome sentensi yenye maana mapema iwezekanavyo, kwa sababu hapo ndipo anapogundua kwamba maandishi yanasema jambo.

Mtego mkubwa kuliko yote katika hatua hii ni wimbo wa "ma, me, mi, mo, mu". Darasa linaimba vizuri, mgeni anafurahi, na nusu ya watoto hawautazami ubao. Njia ya kujua ni rahisi: onyesha silabi bila mpangilio, mo, ma, mu, me. Anayesoma atasoma. Anayekariri atanyamaza, au ataanza wimbo upya moyoni mpaka aifikie silabi uliyoonyesha. Huyo hahitaji kuimba zaidi. Anahitaji kurudi kwenye silabi mbili tu, ma na mi, azitofautishe kwa macho, kisha aongezewe ya tatu.

Herufi b na d zisifundishwe wiki moja. Zitenganishwe kwa majuma kadhaa, ili moja ikae imara kabla ya nyingine kuja. Kuzigeuza ni jambo la kawaida kwa watoto wa umri huu na lisichukuliwe kuwa uzembe. Sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili au zaidi, kama ch, sh, ny, dh na ng', husubiri mwisho. Mtoto anayeandika "lafiki" kwa sababu lugha ya nyumbani haitenganishi r na l anaandika kile anachosikia. Tiba yake ni mazoezi ya sikio na ulimi. Kumkaripia kwa lugha ya kwao humfunza kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hatoi dalili yoyote ya mahali alipokwama. Maneno mapya aelezwe maana kwanza, hata kwa lugha anayoijua, kwani anayesoma neno asilolifahamu hana namna ya kujua kama amelisoma sawa.

Mkono nao una mafunzo yake. Kufinyanga udongo, kuchana karatasi na kutunga shanga huimarisha vidole vitatu vitakavyoshika penseli. Herufi huandikwa kwanza kubwa, mchangani au ubaoni, kwa kutumia bega na kiwiko, kisha hupunguzwa. Kipande kifupi cha penseli, sentimita tano au sita, humfaa anayeanza: hakina nafasi ya kushikwa kwa ngumi. Anayetumia mkono wa kushoto asilazimishwe kubadili. Aketi mwisho wa dawati upande wa kushoto ili viwiko visigongane, na sehemu ya juu ya karatasi yake ielekee kulia kidogo.

Katika hesabu, kutaja moja hadi ishirini si kuhesabu. Mwekee mtoto vizibo saba, ahesabu huku akisogeza kimoja kimoja, kisha muulize, "Ni vingapi?" Akianza kuhesabu upya, bado hajajua kwamba namba ya mwisho aliyotaja ndiyo jumla. Zoezi linalomsaidia ni la kinyume: "Niletee vizibo vitano." Vifungu vya vijiti kumi vifungwe kwa uzi mapema. "Kumi na tatu" inajieleza yenyewe, kifungu kimoja na vijiti vitatu, lakini wengi huandika 103 kwa sababu husikia kumi, halafu tatu. Waone kifungu kikikaa mahali pa 1, vijiti vikikaa mahali pa 3. Ishirini na thelathini hazina msaada huo katika jina, hivyo zinahitaji siku zaidi.

Heshima na usawa, ambavyo shule nyingi huviandika katika dira zao, hapa hupimwa kwa mambo madogo: nani anapewa chaki, wasichana na wavulana wanaulizwa kwa idadi gani, kosa linapokewaje. Watoto wasipangwe nafasi ya kwanza hadi ya mwisho katika umri huu. Badala yake, kila baada ya wiki mbili mwalimu amsikilize kila mmoja kwa dakika mbili, silabi kumi zilizochanganywa na maneno matano, na aandike alichokosea.

Katika usikilizaji huohuo, mwalimu aangalie macho na masikio. Mtoto anayekosea tu mwalimu anapogeukia ubao huenda anasoma midomo. Anayekunja uso au kusogelea ubao huenda haoni vizuri. Aketishwe mbele siku hiyohiyo, na mzazi aombwe ampeleke kupimwa kabla ya mtu yeyote kusema kwamba mtoto ni mzito wa kuelewa.