Jaji wa Kaunti wa Texas ni nani hasa?

Kila kimbunga kinapoukaribia mji wa Houston, taarifa za Kiswahili huanza kutangaza kwamba jaji ameamuru watu wahame, na msomaji wa Nairobi au Dodoma hubaki akijiuliza ni kesi gani iliyofunguliwa dhidi ya mvua. Hakuna kesi. Jaji wa kaunti katika jimbo la Texas ni mkuu wa serikali ya kaunti, anayechaguliwa kwa kura za kaunti nzima kwa muhula wa miaka 4, akigombea kwa tiketi ya chama kama mwanasiasa mwingine yeyote.

Cheo hicho kimo katika Katiba ya Texas ya mwaka 1876, na kila moja ya kaunti 254 inacho. Mwenye cheo huongoza kikao cha watu 5, yaani yeye na makamishna 4, ambacho hupitisha bajeti, hupanga kiwango cha kodi ya mali na husimamia barabara na majengo ya kaunti. Kikao hicho nacho huitwa Mahakama ya Makamishna, jina linalozidisha mkanganyiko, kwa kuwa shughuli zake ni zilezile ambazo kwetu zingefanywa na baraza la madiwani. Dharura pia humwangukia yeye: wakati wa mafuriko ya kimbunga Harvey, Agosti 2017, aliyewaomba wenye mashua wajitokeze kuwaokoa majirani alikuwa Ed Emmett, Jaji wa Kaunti ya Harris, ulimo mji wa Houston.

Mchanganyiko huu wa uamuzi na utawala ni wa zamani. Chini ya Hispania, na baadaye Mexico, ofisa wa mji aliyeitwa alcalde alisikiliza mashauri na papo hapo akasimamia mambo ya mji wake. Jamhuri ya Texas, iliyojitangazia uhuru mwaka 1836, ikaweka jaji mkuu katika kila kaunti, naye akaendelea kushika kofia zote mbili. Katiba ya 1876 inamtaka awe mtu mwenye ufahamu mzuri wa sheria za jimbo, lakini haimtaki awe wakili. Ndiyo maana Lina Hidalgo, mzaliwa wa Bogotá aliyekuwa na umri wa miaka 27 na hakuwa amewahi kushika wadhifa wa kuchaguliwa, aliweza kumshinda Emmett mwezi Novemba 2018 na kuongoza kaunti yenye watu zaidi ya milioni 4, bila kuwa mwanasheria.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba cheo hiki hakina hukumu ndani yake. Katika kaunti ndogo za Texas, mtu huyohuyo aliyejadili bajeti ya barabara asubuhi anaweza kusikiliza shauri la mirathi au kosa dogo la jinai mchana. Katika kaunti kubwa kama Harris, kazi hiyo hufanywa na majaji wengine, ambao sharti wawe mawakili na ambao hukaa katika mahakama za kaunti zilizoundwa kwa sheria za bunge la jimbo. Nao pia huchaguliwa, tena kwenye karatasi ileile ya kura, jambo linalomshangaza Mkenya aliyezoea majaji kuteuliwa na Rais kwa mapendekezo ya Tume ya Huduma za Mahakama.

Wala Texas si kipimo cha Marekani nzima. Jaji wa mahakama ya kaunti huko Florida ni jaji kwelikweli: husikiliza makosa madogo na madai yasiyozidi dola 50,000, hugombea bila chama kwa muhula wa miaka 6, na asipopata mpinzani huhesabika amechaguliwa bila jina lake kuwekwa mbele ya wapiga kura.

Kwa hiyo mwandishi wa habari anayepokea taarifa ya Houston atamsaidia msomaji wake akiandika "mkuu wa kaunti", kisha akaeleza kwa sentensi moja kwamba wenyewe humwita jaji.