Kwa nini wakili wa tamthilia za Uingereza hamkatai mteja anayemchukiza?

Umewahi kuangalia Silk, tamthilia ya BBC ya 2011 hadi 2014? Martha Costello, wakili anayeigizwa na Maxine Peake, hukabidhiwa faili, na muda si mrefu yuko mahakamani akimpigania mtu ambaye wewe mtazamaji usingempa hata maji ya kunywa. Kwa nini asiseme tu, "Huyu simtaki"?

Hana ruhusa. Uingereza kazi ya uwakili imegawanywa: solisita hukutana na mteja na kuandaa kesi, barista (si yule wa kahawa) husimama mbele ya jaji. Na barista anabanwa na kanuni iliyopewa jina la foleni ya teksi. Dereva aliye mbele ya foleni hachagui sura ya abiria. Kesi ikiwa ya fani yake, nafasi anayo na malipo yanaridhisha, barista haikatai kwa sababu tu mteja anachukiza. Mwaka 1792 Thomas Erskine alikubali kumtetea Thomas Paine, aliyeshtakiwa kwa kitabu kilichoushambulia ufalme. Kesi alishindwa, na cheo chake cha uanasheria kwa mrithi wa kiti cha enzi akanyang'anywa.

Hapo ndipo utamu wa tamthilia hizi ulipo. Barista huyohuyo wiki hii anatetea, wiki ijayo anaendesha mashtaka. Zaidi ya hapo, haruhusiwi kuidanganya mahakama. Mteja akimnong'oneza, "Ni kweli, nilifanya," wakili hawezi tena kusimama na kudai kwamba mtu huyu hakuwepo. Kinachobaki ni kuuchokonoa ushahidi wa upande wa pili na kuuliza kama unatosha. Ndiyo maana utaona mawakili wa kwenye skrini wakikwepa swali ambalo sisi tungeliuliza la kwanza: "Ulifanya au hukufanya?" Ukimya huo, kwangu mimi, unasisimua kuliko kukimbizana kwa magari.

Ukichunguza, mambo haya yameandikwa na watu walioyaishi. Peter Moffat, aliyeandika Silk, alikuwa barista. John Mortimer, muumba wa Rumpole, mzee mtetezi aliyeonekana kwenye runinga tangu miaka ya 1970, alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Wanajua kwamba karani wa ofisi, anayegawa kesi, anaweza kuinua au kuzamisha kazi ya wakili aliyesoma kumzidi. Wanajua pia kwamba wakili humwita mpinzani wake "rafiki yangu msomi" hata anapomrarua, adabu ambayo mahakama zetu za Kenya na Tanzania zimeirithi.

Na ukiona jaji wa Uingereza anagonga nyundo mezani, shuku mwandishi. Majaji wa huko hawatumii nyundo.