Msasa mpana wa mtumba, usitazame mota peke yake

Jamani mafundi wa Changamwe na Jomvu, hii fikra ati mashine ya msasa mpana ya mtumba, ile ya kulainishia mbao kwa mkanda mpana wa msasa unaozunguka, ikiwa na mota kubwa na rangi yang'aa basi ni nzima, tuiacheni. Kinacholainisha ubao ni ile rola inayousukuma msasa, nyingi zimevikwa mpira, sasa mpira ukikauka ama ukichimbika ubao watoka na mawimbi hata mota iwe na nguvu vipi. Mwambie muuzaji awashe mbele yako, pitisha ubao mpana halafu umulike tochi kwa ubavu, utayaona tu. Msasa ukicheza kidogo kushoto kulia usishtuke, ndivyo yatakiwa, ila ukikimbilia ukingoni hapo pana kazi. Na stima uliza mapema, nyingi zataka thrii-fezi, ile stima ya fezi tatu ya viwandani, na hewa ya kompresa pia.